Futi Tisa za Mama Nakal

Mimi ni fundi wa mawe hapa Lodwar, jina langu Lokorio, na nitasema kabla mtu mwingine hajanisemea: ukuta uliomvunja Ewoi niliujenga mimi, kwa mikono hii miwili. Na niliujenga vizuri, hilo ndilo linaloniuma. Hata leo ukiteremsha timazi, uzi na ukuta vinakwenda pamoja mpaka chini. Watu hupita wakausifu, nami huinamisha kichwa nikajifanya natafuta kitu mfukoni.

Ewoi ni rika langu. Tumetoka naye Namoruputh, kule Loima karibu na mpaka wa Uganda, tukachunga mbuzi pamoja hadi ukame ulipowamaliza. Tukashuka mjini kwa miguu. Mimi nikaingia ufundi, yeye akapata kazi ya kulinda lango la shirika moja katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kazi aliyoishika miaka kumi na mmoja bila kuchelewa hata siku moja. Kwenye lango lile walipita Wasomali, Wakongo, watu wa Sudan Kusini, naye akajifunza kumsalimia kila mtu kwa salamu ya kwao. Mwisho wa mwezi anapanda gari kuja Lodwar, anakaa siku mbili na mkewe Akol na watoto wao watatu, kisha anarudi. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yake. Hakunywa, hakugombana na mtu, na hakuwahi kuniita fundi. Aliniita Lokorio, na akifurahi aliniita lopae. Lopae ni rafiki, lakini si rafiki wa kupeana mkono tu. Ni mtu mliyepeana mnyama. Akikuomba hukatai, ukimwomba hakatai, na hakuna anayeandika popote.

Ploti yake aligawiwa na kaunsili zamani. Karatasi ina namba na muhuri, vipimo hakuna. Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha bloku na mabati, nilimjengea mimi mwaka wa 2009. Mbele, hatua mbili tu, uko barabarani. Nyuma kuna choo. Kushoto kuna korongo ambalo kila mvua linakula udongo kidogo. Kulia ndiko kulikobaki futi tisa za mchanga mtupu, kisha ua wa miiba ya mti wa etirae, kisha jirani. Zile futi tisa ndizo zilizokuwa zimebeba moyo wa Ewoi.

Mama yake, Nakal, alikuwa bado Namoruputh na jamaa wa mifugo, na macho yake yalikuwa yameshakwenda. Mzee asiyeona, kwenye boma linalohama, ni mzigo hata kwa wanaompenda. Jamaa walikuwa wametuma neno: ukame wa mwanzo wa mwaka ukifika, wao wanavuka kwenda Uganda na ng'ombe, na safari ile hawezi kuitembea. Ewoi awe na mahali pa kumweka. Na usiniulize kwa nini asingelala chumba kile kile na mwanawe. Mama kulala chumba kimoja na mwanawe na mke wa mwanawe? Ala! Hata Mturkana wa mjini mwenye simu mbili anajua hilo haliwezekani.

Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi, kabla hata hajanywa chai, Ewoi alinipeleka pale mchangani akachora na kijiti. "Kitanda hapa. Mlango hapa, jua ya asubuhi ikuje imguse. Hapa jiwe ya kukalia." Nilimwambia hicho chumba nimekwisha kukijenga kichwani mara ishirini, alete bloku tu. Alicheka. Ewoi kucheka ilikuwa kama mvua, unaihesabu kwa mwaka.

Jirani yake wa kulia alikuwa Mureithi, mtu wa Karatina, mwenye duka la nafaka karibu na soko. Alikuja Lodwar kijana, akamleta mkewe Wangari, akazaa watoto wawili hapa hapa. Simchafui. Akol alipojifungua mtoto wa tatu Ewoi akiwa Kakuma, Wangari ndiye aliyechemsha maji. Mureithi mwenyewe alikuwa mwepesi wa utani. Nikimwambia, "Wewe Mkikuyu, Lodwar imekuchoma mpaka umekuwa mweusi kama sisi," ananijibu, "Bado tu kutolewa meno ya chini kama nyinyi."

Mwaka ule wa 2012 ikatangazwa kwamba mafuta yamepatikana chini ya ardhi yetu, na mji ukapata wazimu. Kila mtu mwenye kipande cha mchanga akataka kukizungushia ukuta. Kaunti nayo, serikali yetu mpya ya hapa hapa, ilikuwa inakuja mwaka unaofuata, watu wakasema itakuta kila mtu alipo na itamwacha alipo. Ua wa miiba ukawa aibu. Kwa kweli ua wa miiba una tabia yake: ukioza unautupia matawi mapya, mwaka huu kidogo huku, mwaka ujao kidogo kule, na baada ya miaka kumi hakuna anayeweza kukuapia ulianzia wapi. Vigingi vya kaunsili vilikuwa vimeng'olewa zamani kwa kuni.

Mwezi wa nane Mureithi akamjia Ewoi na neno tamu. Alitaka kuongeza vyumba viwili vya watoto wake. "Tuweke ukuta moja, yako na yangu. Bloku ni zangu, fundi ni wangu. Wewe ukijenga ya mama unaegemea tu, unabaki na kuta tatu." Ewoi alinishika mkono kama mtoto aliyepewa sukari. Kuta tatu badala ya nne! Kwa mtu anayenunua bloku kumi kumi, huo ni mwaka mzima umeokolewa.

Jumapili baada ya kanisa Mureithi akaleta mbuzi. Dume jeupe lenye madoa meusi, si la mchezo. Tukashuka kwenye mchanga wa mto Turkwel wanaume watatu, tukachoma. Ewoi aliguswa mno. Hakuna mtu wa kutoka chini, ndivyo tunavyowaita watu wa huko Kenya kwingine, aliyewahi kumletea mnyama. Alichota majani mabichi ya tumbo la mbuzi, akampaka Mureithi kifuani, akamwambia, "Tangu leo wewe ni lopae yangu." Tukapiga makofi. Mureithi naye alitulia kama yuko madhabahuni.

Kisha akauliza, nami nilisikia kwa masikio yangu: "Sasa, rafiki, ukuta ipitie wapi? Pale kwa jiwe nyeusi, sawa?"

Ewoi mdomo umejaa nyama, macho yamejaa machozi, akasema, "Popote utaona ni sawa. Mimi na wewe tena tunapimiana?"

Kwetu hilo ndilo jibu la heshima. Rafiki aliyekupa mnyama ukimwambia simama hapa, usipite hapa, umemtukana. Unamwachia, naye kwa kuwa umemwachia anakuwa mwangalifu kuliko wewe. Ndivyo tulivyolelewa.

Tulipokuwa tunaondoka, Ewoi alibaki nyuma kuosha mikono. Mureithi akafunga konzi ya yale majani ya tumboni kwenye karatasi ya unga. Tulipofika kwake nikamwona anatembea polepole kutoka lile jiwe jeusi mpaka barabarani, huku akidondosha majani yale chini, kidogo kidogo, midomo ikisema maneno ya kwao. Nilicheka, haki ya Mungu nilicheka. Nikamwambia, "Sasa umekuwa Mturkana mzima!" Nilidhani anaiga baraka zetu. Sikujua kwamba kwao watu wa zamani waliweka mpaka wa shamba hivyo hivyo: mnyama akachinjwa, majani ya tumbo yakamwagwa kwenye mstari, wenye mashamba wakala pamoja, na tangu hapo anayeusogeza ule mpaka amejiitia laana. Mbuzi mmoja alikuwa ameliwa mara mbili. Ewoi alikula urafiki, Mureithi alikula mpaka.

Siku ya tatu nilivuta kamba, Ewoi ameshapanda gari kurudi Kakuma. Mureithi alinionyesha jiwe jeusi. Nikapiga kigingi, nikaenda upande wa pili nikapiga kingine, nikarudi nyuma kutazama. Kati ya kamba na nyumba ya Ewoi zilibaki futi tatu na nusu. Nikapima tena. Tatu na nusu.

"Mureithi, hapa tumeingia kwa Ewoi."

"Si tuliongea? Si ulikuwa? Si ulikula?"

Nilikula. Nikampigia Ewoi simu. Upepo ulikuwa unavuma kule langoni kwake, sauti inakuja na kukatika.

"Kamba nimeivuta," nikamwambia. "Jirani yako anataka tuanze."

"Ameonyesha yeye mwenyewe?"

"Ameonyesha yeye."

"Basi jenga, Lokorio. Rafiki ukimwachia apime, anapima akikuangalia wewe."

Nilikuwa na neno mdomoni. Futi tano na nusu. Neno fupi, hata mtoto analitamka. Nililimeza. Udongo wa simiti ulikuwa umeshakorogwa unakauka juani, nilikuwa nimekaa miezi miwili bila kazi, na tumboni mwangu mlikuwa na mbuzi wa Mureithi. Nikajiambia, wao ni marafiki, watajuana. Mjinga mimi! Nikachukua mwiko.

Mwisho wa mwezi Ewoi akaja. Nilikuwa nimeketi kwa Akol nikimsubiri, sikuweza kukaa kwangu. Aliuona ukuta kutoka mbali akatabasamu. Akaupiga kwa kiganja, akaniangalia, akasema, "Hii iko na nguvu." Kisha akachukua kijiti kama kawaida yake, akainama kuchora kitanda. Akachora upande wa kichwa. Akaenda kuchora upande wa miguu, kijiti kikagonga ukuta. Akafuta, akachora tena kwa urefu mwingine. Kitanda kikaingia, mlango ukakosa pa kufungukia. Akafuta. Mara ya tatu hakuchora kitu, alibaki amechuchumaa na kijiti mkononi.

"Lokorio, chumba imeenda wapi?"

Nikamshika mkono, nikamwinua.

Tulikwenda kwa Mureithi wote wawili. Alitoka na kikombe cha chai, akamkaribisha lopae wake kwa furaha, na alipoambiwa, chai ikamwagikia viatu vyake bila yeye kujua. Huyo mtu hakuwa anaigiza. Nimetazama wezi na waongo, nawajua, na Mureithi siku ile hakuwa mmoja wao.

"Lakini Ewoi, nilikuuliza. Ukasema popote. Ukala mbuzi yangu ya mpaka."

"Mbuzi ya mpaka ni nini? Ulinipa mbuzi ya urafiki."

"Kwetu ikishaliwa hiyo mbuzi, hakuna kurudisha. Hata nikitaka. Ni laana kwa watoto."

"Kwetu rafiki akinipa mbuzi," Ewoi akasema polepole, "siku moja nitampa ng'ombe. Nitampa ng'ombe, Mureithi. Si mahali ya mama yangu kulala."

Wangari alisimama mlangoni, kitambaa mdomoni. Mureithi aliapa hakujua chumba cha mama kingekaa pale ubavuni, alidhani kitauegemea ukuta kule nyuma, karibu na choo. Kwa nini hakuuliza? Kwa nini Ewoi hakusema? Kwa nini mimi niliyejua chumba na niliyevuta kamba nilikaa kimya kama jiwe? Kuna methali watu hupenda kumrushia fundi, usipoziba ufa utajenga ukuta. Aliyeitunga angekuja Lodwar aone kwamba ukuta nao unaweza kuwa ndio ufa.

Kesi ikapelekwa kwenye kamati ya mtaa. Karani aliandika kwa Kiingereza, na wazee watatu wakauliza maswali mafupi. Ewoi, ulikula mbuzi? Nilikula. Uliulizwa mstari? Niliulizwa. Ulisema popote? Nilisema. Kisha wakaniita mimi shahidi. Nilieleza kifua kilivyopakwa, nikaeleza lopae maana yake nini, nikaeleza hadi jasho likanitoka. Mzee mmoja akauliza kama nilimwona Mureithi akimwaga majani kwenye mstari. Nikasema nilimwona. Uliongea na Ewoi kwa simu kabla ya kujenga? Niliongea. Akakubali? Alikubali. Karani akaandika hayo mafupi. Yale marefu hakuyaandika.

Uamuzi ukawa kwamba ukuta ukae ulivyo mpaka kaunti ije, kwani kaunti ndiyo itakuwa na wapimaji. Kila jambo mwaka ule lilisubiri kaunti. Maji yasubiri kaunti, zahanati isubiri kaunti. Ewoi akasimama akasema jambo moja tu: "Huko Kakuma mkimbizi amepewa mahali yake na namba, na hakuna mtu anaingia. Mimi niko kwetu." Akavaa kofia yake ya ulinzi akaenda stendi.

Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata Mureithi akaanza vyumba vyake, maana watoto walikuwa wanalala jikoni. Akaniita. Nikakataa, nikajiona shujaa. Shujaa gani! Akaleta fundi kutoka Kitale, na kukataa kwangu hakukurudisha hata inchi moja. Fundi yule akafunga linta ya zege, akalaza paa juu ya ukuta wangu, na kwa uvivu wake akaligeuza literemkie upande wa Ewoi, bila gata ya kukusanya maji.

Katikati ya mwezi wa pili lori la mbuzi kutoka Namoruputh likasimama barabarani, na Adome, binamu wa Ewoi, akamshusha Mama Nakal mgongoni mwake. Jamaa walikuwa tayari wanahama. Ewoi alikuwa ameomba ruhusa, yupo. Nami nilikuwepo. Mama alikuwa mwepesi kama kapu, shanga zake shingoni zimepauka, tumbaku shavuni.

"Ejoka?" akatusalimia wote kwa mpigo, uso umeelekea kusiko na mtu.

"Ejok."

"Nipelekeni chumbani kwangu."

Ewoi akanitazama, mimi nikatazama chini. Akamshika mkono akamwingiza katika ule upenyo kati ya nyumba na ukuta. Alikuwa ameweka mkeka, na juu amefunga turubai aliyoitoa Kakuma. Mama akanyoosha mkono wa kulia, ukagusa ukuta. Akautembeza kwenye bloku, mstari kwa mstari, akafika mwisho, akageuka, akarudi. Alikuwa anatafuta mlango.

"Ni ukuta mzuri," akasema. "Baridi. Wa nani?"

"Wetu, mama," Ewoi akasema.

Mama akautemea tumbaku, mara moja, mara mbili, kwa kuubariki, akaomba Mungu aulinde na awalinde watakaolala kando yake. Mimi nikatoka nje nikasimama barabarani, bodaboda zikanipigia honi, sikusogea.

Alikaa pale wiki kumi na moja. Kutwa aliketi mgongo ukiwa ukutani kwa ajili ya ubaridi, na kila aliyekuja alimwambia mwanawe amemjengea ukuta wa mawe. Wangari alimletea uji kila asubuhi. Siku moja mama akamwambia hivyo hivyo, kwa Kiturkana, akimshika mkono na kuuweka kwenye bloku ili naye ausikie ulivyo laini. Wangari akamuuliza Akol mama anasema nini. Akol, ambaye hajui kudanganya, akamtafsiria. Wangari akaweka kikombe chini akaenda kwake, na sufuria yake ya uji ilibaki pale mpaka jioni.

Uchaguzi ukapita mwezi wa tatu. Kaunti ikaja. Wapimaji hawakuja. Ewoi alikwenda ofisini mara nne katika siku zake za mapumziko, akaambiwa afisa hajateuliwa, afisa ameteuliwa hajaripoti, afisa yuko Nairobi, njoo Jumatatu. Jumatatu yeye huwa yuko langoni kwake Kakuma.

Mwezi wa nne mvua ikanyesha, na ikinyesha Lodwar hainyeshi, inamwaga. Paa la Mureithi likatema maji yote ndani ya upenyo ule. Turubai ikabeba maji kama tumbo la ngamia, ikapasuka. Akol alimkuta mama ameketi kwenye maji ya kifundo, mgongo bado ukutani, anamwita mwanawe. Mureithi akaja mbio siku hiyo hiyo na bati la kuziba, akalifunga mwenyewe huku amelowa, akiomba samahani kwa Kikuyu na Kiswahili. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Kikohozi kilikuwa kimeshaingia kifuani mwa mama. Hospitali wakampa dawa, akarudi, akakohoa. Akafa mchana wa Jumanne, mwezi wa tano umeanza, na Ewoi alifika saa moja baadaye akiwa bado na sare za ulinzi.

Sasa nisikilize. Kwetu mama aliyezaa wanaume hatupwi mbali. Anazikwa nyumbani kwake, ndani ya boma, ili mwanawe akitaka kusafiri aweke tumbaku kidogo juu ya kaburi amwambie, mama, naenda. Ewoi alisimama kwenye upenyo ule asubuhi ya Jumatano, watu wamejaa barabarani, akaniambia, "Chimba hapa. Hapa ndipo kwake."

Nilipima, kwa mazoea tu. Kaburi la upana wa futi mbili na nusu, nafasi futi tatu na nusu. Mara hii ilitosha. Nikachukua koleo, na kabla sijalikita nikaona Mureithi amekuja, kofia mkononi.

"Ewoi, pole. Mimi sikatai mama azikwe. Siwezi kukataa. Nauliza fundi tu. Watoto wangu wanalala nyuma ya hii ukuta. Itasimama?"

Wote wakanigeukia. Padri, Akol, Adome, Wangari, majirani. Ewoi naye akanigeukia. Mara ya kwanza nilipaswa kusema nikanyamaza. Mara ya pili nilisema yote, wakachukua nusu. Hii ilikuwa ya tatu. Msingi wa ukuta ule niliuchimba mwenyewe, futi mbili kwenda chini, kwa sababu ulikuwa ukuta wa ua tu, haukupangiwa kubeba paa. Kaburi ni futi tano. Ukichimba futi tano ubavuni mwa msingi wa futi mbili kwenye mchanga wa Lodwar, mchanga unachuruzika kama sukari na msingi unabaki unaning'inia. Nilitamani kusema uongo. Mungu anajua nilivyoutamani.

"Hautasimama," nikasema.

Ewoi akaniuliza tena, kwa Kiturkana, taratibu, sisi wawili tu: "Hakuna namna?"

"Hakuna."

Upande wa pili mtoto mmoja wa Mureithi alisikika anasoma kwa sauti, anahesabu namba za Kiingereza. Ewoi akasema, "Watoto wasiangukiwe." Mureithi akafunika uso kwa kofia akalia mbele za watu wazima, na hakuna aliyemtuliza.

Tulimzika Mama Nakal makaburi ya umma, nje ya mji, katikati ya watu tusiowajua majina, mahali ambapo upepo unafukia na kufukua upendavyo. Niliweka mawe juu nikayapanga vizuri. Ewoi alimwaga tumbaku, lakini hakumwambia, mama, naenda. Nadhani aliona haya kusema na mama yake mbele ya wageni waliolala pale.

Tuliporudi alipitia nyumbani kuchukua mfuko wake, maana gari la Kakuma lilikuwa linaondoka. Alisimama kwenye upenyo, mkeka umekunjwa, mchanga bado una alama za kuketi. Akaweka kiganja pale ukutani palipokuwa na doa la tumbaku. Nilikuwa nyuma yake, nimebeba koleo lisilochimba kitu pale.

"Ulijenga vizuri," akasema.

Hakusema kwa kejeli, ingekuwa kejeli ningepona. Akanipita, akapanda barabarani, akageuka mara moja kunipungia mkono kama anavyompungia kila mtu anayetoka langoni kwake.

"Kwaheri, fundi," akasema.

Mpaka leo tunaonana kila mwisho wa mwezi, tunasalimiana, hana neno baya na mimi. Lakini jina langu hajalitaja tena.